Mjamzito Aendaye Kuandikishwa: Familia Takatifu katika Theluji ya Bruegel



Mchoro tutakaouzungumzia jioni hii ni kazi ya Pieter Bruegel, aliyeukamilisha mwaka 1566 kwa rangi za mafuta juu ya mbao za mwaloni. Upana wake ni karibu sentimita 164 na kimo chake karibu sentimita 116. Unatunzwa katika Makumbusho ya Kifalme ya Sanaa mjini Brussels, na wasemaji wa Kiswahili waishio mji huo, wengi wao wakiwa na asili ya Kongo, wanaweza kuufikia kwa miguu kutoka mtaa wa Matonge. Jina lake ni Sensa ya Bethlehemu.

Jina hilo linatuambia tutafute nini. Katika sura ya pili ya Injili ya Luka, Kaisari Augusto anaamuru watu wa dola yake waandikishwe, kila mmoja katika mji wa ukoo wake. Yosefu ni wa ukoo wa Daudi, hivyo anatoka Nazareti kwenda Bethlehemu, akifuatana na mchumba wake Mariamu, ambaye ni mjamzito. Anayeijua habari hii akisimama mbele ya mchoro huanza kuwasaka hao wawili, na kwa muda mzuri hawaoni. Anachokiona ni kijiji cha Brabant, katikati ya Ubelgiji ya leo, kilichofunikwa na theluji kuanzia paa hadi bwawa, na umati wa watu ambao hakuna hata mmoja aliyeacha shughuli yake kwa ajili ya jambo takatifu.

Ninasema mapema ninachokiamini, ili mnipime kwa hicho. Bruegel aliificha familia ile makusudi. Alitaka tuitafute, na katika kuitafuta tulazimike kumkagua kila mtu mwingine aliyemo kijijini, uso kwa uso, mzigo kwa mzigo. Mchoro unahusu serikali inayohesabu watu, lakini umeundwa kwa namna ambayo mtazamaji hawezi kuhesabu tu na kuondoka.

Tuingie kijijini.

Kushoto, sehemu ya chini, ipo nyumba ya wageni. Nje yake limening'inizwa shada la majani, alama iliyozoeleka ya nyumba inayouza vinywaji katika nchi zile. Dirishani watu wamesongamana, migongo kwetu, kofia zimeshushwa kuzuia baridi. Ndani ya dirisha wamekaa watu wa serikali: huyu anaandika, yule anapokea fedha. Kuandikishwa na kulipa ni tendo moja pale. Jina linaingia daftarini, sarafu inaingia mfukoni mwa hazina. Pembeni ya dirisha limebandikwa bango lenye tai mwenye vichwa viwili, nembo ya ukoo wa Habsburg. Ndilo jambo rasmi peke yake katika mchoro mzima, nalo ni dogo kiasi kwamba mtu anaweza kulipita.

Hatua chache mbele ya foleni hiyo nguruwe anachinjwa. Mwanamume amemwinamia, na mwanamke amesogeza chombo kukinga damu isipotee, maana katika majira yale ya baridi nyama ilitiwa chumvi ya kutosha miezi ya njaa, na damu nayo ilikuwa chakula. Kuku wanadonoa. Mapipa na mikokoteni imeegeshwa ovyo, kama inavyokuwa siku ya mkusanyiko mkubwa. Upande wa kulia kuna bwawa lililoganda, na huko watoto wameimiliki barafu: wengine wanazungusha pia, wengine wanateleza, wengine wamekalia vigari vya kuburuta. Mahali pengine wanapigana kwa matonge ya theluji. Nyuma zaidi watu wenye mizigo wanavuka maji yaliyoganda, wadogo kama sisimizi, na kila mmoja ana mwendo wake. Kulia juu kuna ngome iliyobomoka. Na juu kushoto, kati ya matawi ya mti usio na jani, jua jekundu linazama. Saa za kazi zinakwisha. Anayechelewa kufika dirishani atalala bila kuandikwa.

Kuna jambo jingine upande wa kulia ambalo sitaki tulipite. Ni kibanda kidogo duni chenye msalaba juu ya paa. Wachambuzi wengi wamekiona kuwa makao ya mgonjwa wa ukoma, mtu aliyetengwa na jamii akalazimika kuishi kwa sadaka. Bruegel amempa nafasi katika mchoro kama alivyompa karani. Hata hivyo hakuna mtu wa serikali anayemwendea na daftari. Foleni iko upande ule mwingine.

Sasa macho yamezunguka kijiji kizima, na ndipo yanashuka. Karibu na kitovu cha mchoro kuna gurudumu la mkokoteni limesimama ndani ya theluji. Chini yake, mbele kabisa, karibu nasi kuliko karibu kila mtu, mwanamume anatembea akielekea kushoto kwenye nyumba ya wageni. Amevaa kofia pana inayomfunika uso. Begani amebeba msumeno mrefu. Anaongoza punda, na juu ya punda amekaa mwanamke aliyejitanda joho la buluu. Pembeni anatembea ng'ombe. Basi. Hakuna taji la mwanga kichwani, hakuna malaika angani, hakuna mtu aliyegeuka kuwatazama. Msumeno ndio unaomtambulisha seremala, na buluu ndiyo inayomtambulisha Mariamu, kwa kuwa wachoraji wa Ulaya walikuwa wamemvika rangi hiyo kwa karne nyingi. Wasafiri hawa walikuwa mbele yetu tangu mwanzo. Hatukuwaona kwa sababu hatukuzoea kuwatafuta watakatifu katika watu wenye mizigo.

Tena tazameni wanakokwenda. Wanakwenda dirishani. Msongamano ule uliotuchosha macho tulipouona mara ya kwanza ndio utakaowapokea: mwanamke aliye karibu kujifungua, baridi, jioni, na watu wote hao waliotangulia kupanga mstari. Luka anasema kwa kifupi sana kwamba hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Bruegel hakuchora mwenye nyumba akiwafukuza. Alichora sababu yenyewe. Nyumba imejaa kwa kuwa serikali imewaita watu wote siku moja.

Sasa kidogo kuhusu mtu huyu. Hatujui kwa hakika alizaliwa lini, lakini mwaka 1551 aliandikishwa kuwa fundi kamili katika Chama cha Mtakatifu Luka mjini Antwerp, chama cha wachoraji. Mapokeo ya Kikristo yanamheshimu mwinjili Luka kuwa mlinzi wa wachoraji, kwa hiyo habari ya sensa ilitoka kwa msimamizi wao wenyewe. Bruegel alisafiri hadi Italia, akarudi kupitia milima ya Alpi, akafanya kazi Antwerp, kisha mwaka 1563 akamwoa Mayken, binti wa mchoraji Pieter Coecke van Aelst, na kuhamia Brussels. Mwaka 1564 akazaliwa mtoto wao Pieter. Alipokuwa akichora Mariamu juu ya punda, nyumbani kwake kulikuwa na mtoto mchanga aliyekuwa anajifunza kutembea. Mwana wa pili, Jan, alizaliwa 1568. Baba alifariki mwaka uliofuata.

Kabla yake, wachoraji wa Flandria walikuwa tayari wamefanya maajabu kwa rangi za mafuta. Jan van Eyck alimaliza michoro ya madhabahu ya Ghent mwaka 1432, na Hugo van der Goes akachora kuzaliwa kwa Yesu kwa ajili ya familia ya Portinari, mawakala wa benki ya Medici mjini Bruges. Katika kazi hiyo ya Hugo Mama na Mtoto wako katikati, kila kitu kimepangwa kuwazunguka, na tajiri aliyelipia mchoro amepigishwa magoti pembeni pamoja na mke na watoto wake. Mchungaji maskini anaruhusiwa kuingia, naye amechorwa kwa heshima kubwa, lakini anaingia kama mgeni. Bruegel anageuza mpangilio huo. Maskini ndio wenyeji, wamejaza nyumba, na Mama ndiye mgeni anayetafuta pa kupita.

Mafuta yenyewe yana sehemu yake katika hili. Mafundi wa Nchi za Chini, yaani eneo la Ubelgiji na Uholanzi za leo, waliunganisha mbao za mwaloni, wakazipaka matabaka ya chaki iliyochanganywa na gundi ya wanyama, wakazisugua hadi zikawa laini na nyeupe. Juu yake mchoraji alipiga mistari ya awali, halafu akaweka rangi iliyosagwa na kuchanganywa na mafuta ya mbegu za kitani. Mafuta hukauka polepole. Fundi ana siku nzima ya kulainisha ukingo wa shavu au kuongeza unywele mmoja, na tabaka jembamba likikauka anaweza kuweka jingine juu yake huku la chini likiendelea kung'aa kupitia la juu. Rangi iliyotengenezwa kwa yai, waliyoitumia mafundi wa Italia kwa muda mrefu, hukauka upesi mno kuruhusu hayo.

Van Eyck alitumia subira hiyo ya mafuta kuchora vito katika taji. Bruegel aliitumia tofauti. Hakulundika matabaka, alipaka kwa wembamba na kwa wepesi, akauacha weupe wa chaki iliyo chini usaidie kuangaza juu. Kwa mkono huo angeweza kuweka mtu mzima katika nafasi isiyozidi kidole, na bado ukatambua kama mtu huyo anahisi baridi au amechoka, kama mzigo wake ni kuni au nguo. Tunaweza kumtafuta Yosefu kati ya watu hawa kwa sababu hakuna aliyechorwa kwa uvivu. Mchoro wa umati uliojaa vinyago visivyo na nyuso ungetuambia tangu mwanzo ni nani wa maana, kwa kuwa angekuwa yule mmoja mwenye uso.

Watu huuliza kwa nini Bethlehemu ina theluji. Majira ya baridi ya 1564 na 1565 yalikuwa makali kupita kawaida katika Ulaya ya kaskazini, na mwaka huohuo wa 1565 Bruegel alichora Wawindaji Katika Theluji, mchoro maarufu ulioko Vienna. Baridi ile ilikuwa kwenye ngozi ya kila mtu. Lakini hali ya hewa ni nusu tu ya jibu. Bruegel alikuwa amefika Italia, alikuwa na elimu, alichora Mnara wa Babeli kwa kufuata magofu ya Roma. Asingeshindwa kubuni mji wenye mitende kama angeutaka. Aliamua kwamba habari ya Luka inamhusu mkulima wa Brabant, na akaileta mlangoni kwake bila kubadilisha nguo zake, chakula chake wala mtoza kodi wake. Hapo ndipo penye ujasiri. Bethlehemu ya mbali haimsumbui mtu. Bethlehemu ambayo dirisha lake la kodi unalitambua, na zamu yako ya kupanga foleni unaikumbuka, inakudai.

Kuhusu tai mwenye vichwa viwili maneno yamekuwa mengi. Nchi za Chini zilikuwa chini ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, wa ukoo wa Habsburg, aliyezirithi kutoka kwa baba yake mwaka 1555. Yeye mwenyewe aliondoka 1559 asirudi tena, akamwachia utawala dada yake wa kambo, Margaret wa Parma. Kodi za kugharimia vita zilikuwa chungu, na sheria dhidi ya Waprotestanti zilikuwa chungu zaidi. Aprili 1566 mamia ya watu wa tabaka la juu walimpelekea Margaret ombi la kulegeza sheria hizo. Agosti mwaka huo makundi ya watu yaliingia makanisani na kuvunja sanamu na michoro. Kanisa kuu la Antwerp lilivamiwa tarehe 20. Mwaka 1567 Duke wa Alba, aliyetumwa na Philip, akafika na jeshi, na mwaka 1568 waungwana wawili wakubwa wa nchi, Egmont na Hoorn, wakakatwa vichwa hadharani Brussels.

Kwa hiyo wapo wanaousoma mchoro huu kama kilio cha siri dhidi ya Hispania. Mimi nasita. Philip hakuwa mfalme mkuu wa Dola Takatifu ya Kirumi. Cheo hicho kilikuwa kwa tawi jingine la ukoo, na tai mwenye vichwa viwili alikuwa nembo ya dola hiyo. Kwa mtu wa karne ya 16, dola iliyobeba jina la Roma ndiyo iliyokuwa mrithi wa Kaisari Augusto, hivyo nembo yake dirishani inafuata Injili moja kwa moja. Aidha, miongoni mwa walionunua kazi za Bruegel alikuwemo Kardinali Granvelle, waziri mkubwa wa Philip, aliyemiliki mchoro mdogo wa 1563 unaoonyesha familia hiihii ikikimbilia Misri. Mchoraji aliyekuwa anajulikana kwa kumtukana mfalme asingepata mteja wa namna hiyo.

Hata hivyo siwezi kukubali kwamba tai yule ni pambo. Tazameni jinsi karani alivyochorwa. Hana uso wa shetani. Hampigi mtu wala hamdhulumu mtu tunayemwona. Anafanya kazi yake kwa utulivu kama mtu yeyote wa ofisini. Bruegel angeweza kumfanya katili tukamchukia na kupumua. Badala yake ametuonyesha utaratibu usio na mtu wa kumlaumu, na mwanamke mjamzito anayeuelekea. Naona hilo ni zito kuliko dhihaka yoyote ya kisiasa. Na katika mwaka ambao watu walikuwa wakivunja sanamu kwa hoja kwamba zinaabudiwa, huyu alichora Familia Takatifu ambayo haiwezekani kupigiwa magoti, maana ukipiga magoti hutaiona. Kuiona ni lazima usimame, usogee, uinamie ubao kama unayetafuta jina la ndugu yako katika orodha.

Mabibi na mabwana, uko mchoro wa pili ambao lazima niulete, kwa sababu bila huo nusu ya jambo inabaki nje. Unaitwa Mauaji ya Watoto Wasio na Hatia. Bruegel aliuchora katika miaka hiyohiyo, kati ya 1565 na 1567, na uko katika Mkusanyo wa Kifalme wa Uingereza. Vipimo vyake, karibu sentimita 109 kwa 158, vinakaribiana na vya Sensa. Ni kijiji cha theluji tena: paa nyeupe, bwawa lililoganda, matone ya barafu yakining'inia. Habari yake inatoka kwa Mathayo, ambaye hataji sensa. Anasimulia kwamba Herode, aliposikia kuwa mfalme amezaliwa Bethlehemu, aliamuru watoto wa kiume wa huko wenye umri wa miaka miwili na chini ya hapo wauawe. Yosefu alikuwa ameonywa ndotoni, naye amekwisha kumchukua mtoto na mama yake kwenda Misri.

Wainjili hao wawili hawasimulii mkasa mmoja, na Bruegel hakusema popote kwamba michoro hii ni pacha. Lakini aliyeiona yote miwili hawezi kuitenganisha tena. Katika kijiji cha kwanza dola imeandika majina. Katika kijiji cha pili dola imerudi na farasi. Familia tuliyoitafuta kwa bidii haimo; imeokoka, iko njiani kuja barani kwetu. Waliobaki ni majirani.

Kundi la wapanda farasi wenye silaha limesimama kwa mpangilio katikati ya barabara, bila kufanya chochote, kuhakikisha tu kwamba kazi inafanyika. Wengine wanavunja milango. Wanakijiji wamemzunguka mmoja wa wakubwa wakimsihi. Kuna mume na mke wanaoonekana kumsukumia askari binti yao, wamchukue yeye wamwache mdogo wa kiume. Sijui kama katika uchoraji wote wa Ulaya kuna wazazi waliochorwa katika uamuzi mbaya kuliko huo, na Bruegel amewachora bila kuwahukumu. Karel van Mander, aliyeandika maisha ya wachoraji wa Nchi za Chini mwaka 1604, aliusifu mchoro wa mada hii na akataja familia nzima inayoombea uhai wa mtoto mmoja wa mkulima.

Lakini ukienda kuutazama leo, watoto karibu wote hawapo.

Mchoro uliingia mikononi mwa Rudolf wa Pili, mtawala wa Dola Takatifu ya Kirumi, mkusanyaji mkubwa wa sanaa aliyekuwa na makao yake Prague. Alikuwa wa ukoo wa Habsburg, mwenye nembo ileile ya tai. Akaagiza watoto wafunikwe kwa rangi. Mchoraji mwingine akapewa kazi hiyo, akapita mwili kwa mwili. Mtoto huyu akageuzwa furushi. Yule akageuzwa ndege wa kufugwa, mwingine mnyama, mwingine chakula, mwingine chombo. Mauaji yakawa uporaji wa kijiji, jambo ambalo katika vita vya siku zile lilikuwa la kawaida na halikumnyima mtawala usingizi. Mwaka 1648 jeshi la Uswidi lilipora hazina ya Prague na mchoro ukaangukia kwa Malkia Christina. Mwaka 1660 Charles wa Pili wa Uingereza akaununua, akiwa bado hajarejea kutawazwa.

Nimelifikiria sana tendo hilo la Rudolf. Angeweza kuuficha mchoro darini, au kuuza, au kuuchoma. Alitaka kuendelea kuutazama, ila bila watoto. Na njia iliyopatikana ya kuwaondoa ilikuwa kuwageuza mali: vitu vinavyoweza kuorodheshwa, kuthaminiwa, kulipiwa fidia. Kwa brashi, akafanya juu ya ubao kile ambacho daftari la dirishani hufanya kwa wino, na akakifanya kwa watu walewale.

Hata hivyo kazi haikukamilika, nami naamini isingeweza kukamilika. Mchoraji aliyetumwa alifunika miili, lakini hakuzigusa nyuso za waliokuwa wakiwalilia. Katikati ya theluji amekaa mwanamke, mwili wote umekunjika kwa majonzi, na mapajani mwake kuna furushi. Mwanamume anamwangukia askari kwa ajili ya mnyama. Watu wazima wanashikana, wanainua mikono, wanageuzia macho pembeni, na sababu ya hayo yote ni ndege na vyombo vya nyumbani. Huzuni imezidi vitu vilivyopo kwa kiasi ambacho mtazamaji asiyejua lolote kuhusu Rudolf anaanza kuuliza hapa palikuwa na nini. Bruegel alikuwa amechora kila mlia machozi kwa ukamilifu, kama alivyomchora kila mtu wa foleni kijijini kule kwingine, na ukamilifu huo ndio uliowafichua waliotaka kuficha.

Ushahidi mwingine uko nyumbani mwake. Yule mtoto aliyezaliwa 1564, Pieter Brueghel Mdogo, alikua akawa mchoraji, na sehemu kubwa ya kazi ya karakana yake ilikuwa kunakili michoro ya baba aliyefariki yeye akiwa na miaka kama mitano. Alinakili Sensa mara nyingi. Alinakili Mauaji pia, na nakala za Mauaji zinaonyesha kilichokuwepo kabla ya amri ya Prague: watoto ni watoto. Moja iko Vienna, katika Makumbusho ya Historia ya Sanaa, na kwa muda mrefu wapo waliodhani ndiyo ya baba mwenyewe. Nakala mara nyingi hudharauliwa kwamba ni biashara ya mtu asiye na mawazo yake, na kweli karakana ya mwana iliuza kwa wingi. Mimi nasimama upande wake. Bila mkono wake wa utii, mjadala kuhusu furushi lile ungekuwa wa kubahatisha hadi leo.

Wahifadhi wa Uingereza wameusafisha na kuuchunguza mchoro huo, na wameacha mafurushi na wanyama mahali pake, kwa kuwa sasa ni sehemu ya historia ya ubao. Nakubaliana nao. Wangeyafuta, tungepata mchoro wa Bruegel na kupoteza kumbukumbu ya kilichotendwa juu yake. Yeyote atakayepata nafasi ya kuviona vijiji hivi viwili, hata kwa picha nzuri zilizochapishwa, aiweke nakala ya mwana kando ya kazi ya baba, na aanze na yule mwanamke wa katikati. Alinganishe mapaja kwa mapaja. Kisha aende kwa yule mwanamume aliyepiga magoti, kisha kwa kundi la mlangoni, akimrudisha kila mtoto mahali pake mmoja mmoja. Kazi hiyo huchukua muda mrefu, na hakuna njia ya kuifupisha.